Kibodi Iliyokataa Herufi N

Nilimchukia karani wetu kabla hajanikosea. Nalisema hili mapema kwa sababu yote niliyoyafanya baadaye yalitoka hapo, na sitaki mtu adhani nilikuwa mwema nikapotoshwa na mashine.

Tulikuwa watu watatu katika ofisi ile ya wakili, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, Tabora mjini. Wakili alikaa chumba cha ndani. Mimi na karani tulikaa chumba cha nje, meza zikitazamana, hivyo kila nilipoinua macho nilikutana na uso wake. Mimi nilikuwa mchapaji, mwaka wa kumi na moja. Yeye, mwanamke kama mimi, alikuja nyuma yangu sana. Kazi yake ilikuwa kupeleka majalada mahakamani na kwenye baraza la ardhi, na kufuatilia tarehe za kesi. Alizaliwa hapo hapo mjini, ukoo wa Waislamu, washonaji na maseremala, ambao babu zao wote wamezikwa makaburi yale yale. Mimi nimetoka kijijini, upande wa Urambo, kwa wakulima wa tumbaku, Wakristo wa Kanisa la Moraviani. Wiki yake ya kwanza aliniambia, huku anatabasamu, kwamba Kiswahili changu kina vumbi la shamba. Pengine ulikuwa utani. Sikucheka, na sikusahau.

Kisha wakili akampa ufunguo wa mlango wa mbele. Mimi nilikuwa nimeuomba ufunguo huo miaka mitatu mfululizo nikijibiwa kwamba hakuna haja, yeye mwenyewe anafika mapema. Karani hakumaliza hata miezi miwili, akawa anautembeza ukining'inia kwenye kamba ya kitambulisho chake. Asubuhi nikichelewa kidogo ananikaribisha ofisini kwangu: "Karibu, dada. Pole na safari."

Tena alikuwa anauza asali. Kaka yake alikuwa na mizinga porini, na yeye alileta asali katika chupa kubwa za soda, akazipanga ndani ya boksi chini ya meza yake. Wateja walioingia kuuliza habari za mirathi walitoka na chupa. Wakili hakumkataza. Mimi niliwahi kuuza vitenge viwili tu, nikaambiwa hapa si gulioni.

Mwezi wa tano alianza kulalamika kwamba asali yake inapungua. Siku moja alisimamisha chupa dirishani, akaweka kidole pale ilipoishia.

"Kuna mtu anaonja asali yangu," alisema, akiitazama meza yangu.

"Tafuta panya," nikamjibu.

"Panya hafungui kizibo akakirudishia."

Kuanzia siku hiyo hatukusalimiana tena ila mbele ya wateja.

Mwezi wa sita, kibaridi kilipoanza, herufi N ikaanza kukataa. Siku nyingine niliibonyeza isitokee kitu, nikalazimika kuipiga kama mtu anayepasua karanga. Siku nyingine ilishuka ikagoma kupanda, kioo kikajaa n mstari mzima kama jeshi la siafu. B iliyo jirani yake nayo ilikuwa nzito. Halafu mchana, ghafla, zote zinaandika vizuri, laini kabisa, utadhani nilikuwa naota.

Sasa jaribu kuandika Kiswahili bila N. Hakuna nina, hakuna wangu, hakuna nyumba, hakuna sina. Niliizima kompyuta nikaiwasha. Nikachomoa waya wa kibodi nikauhamishia tundu jingine. Nikaigeuza kibodi kifudifudi nikaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Yalianguka makombo ya maandazi, unywele mmoja, na sisimizi wawili, mmoja angali hai. Sikuwajali. Ningewajali, mengi yasingetokea.

Wakili akamwita fundi wa kompyuta. Huyu alikuwa mtu mzima, mpole kupita kiasi, asubuhi yuko dukani kwake, kwa hiyo alikuja saa tisa alasiri. Aliketi kwenye kiti changu akaandika nanasi nanasi nanasi mpaka ukurasa ukajaa. Hakuna N iliyokosekana.

"Mama, kibodi hii ni nzima," alisema.

"Asubuhi haikuwa nzima."

"Labda ulikuwa na haraka. Kidole kikiwa na haraka hakifiki chini."

Karani alikohoa. Najua kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Wakili, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kama fundi amethibitisha ni nzima hawezi kununua nyingine. Ningeweza kununua mwenyewe, lakini sikuwa tayari kumnunulia mwajiri wangu kifaa cha ofisi yake baada ya kunifanya mwongo mbele ya yule mwanamke.

Ndipo likaja suala la hati ya kiapo ya katekista mmoja. Alikuwa mzee wa Ulyankulu, mtoto wa wakimbizi waliotoka Burundi, na alikuwa shahidi katika kesi ya mjane mmoja aliyetaka kunyang'anywa shamba na shemeji zake. Kilichotakiwa kwa mzee kilikuwa kidogo: athibitishe kwamba alimkuta mjane akililima shamba mwenyewe. Nilichapa kiapo hicho saa mbili asubuhi, wakili akiwa ameniegemea mgongoni anatazama saa. N ilikuwa inakuja na kuondoka. Nilirudi nyuma nikajazia zilizokosekana, moja moja. Kompyuta yetu haijui Kiswahili, hupigia kila neno mstari mwekundu, hivyo huwezi kuitegemea ikuonyeshe kosa. Mzee akaweka sahihi bila kusoma tena, kwa sababu alituamini.

Sentensi ilitakiwa kusema: Nilionana na mjane huyo mara tatu shambani kwake. N moja ilinipita. Kiapo kikasema: Nilioana na mjane huyo mara tatu shambani kwake.

Karani ndiye aliyeniletea habari kutoka baraza la ardhi, na hakuwa na haraka ya kuzimaliza. Alivua viatu kwanza. Akanywa maji. Akanieleza jinsi wakili wa shemeji alivyosimama akasoma sentensi ile kwa sauti, kisha akairudia, akamwuliza mzee kama alioana naye mara tatu siku moja au siku tofauti. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mke wa katekista alikuwa amekaa benchi la mbele. Mzee alipojaribu kueleza, Kiswahili kikamkwama kwa hasira, wakacheka zaidi.

"Mama wa watu alijifunika uso kwa kitenge," karani alisema. "Wewe hukufika. Ungeona."

Wakili alinifokea mlango ukiwa wazi. Aliniita mzembe mara nne. Nilizihesabu.

Asubuhi iliyofuata katekista alikuja mwenyewe. Nilisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu, lakini hakuketi. "Paroko amesema nisifundishe watoto mpaka jambo hili lieleweke. Nataka barua. Iseme ni kosa la ofisi hii, si la mdomo wangu. Nitaisoma Jumapili mbele ya watu."

Nikaketi kuichapa mbele yake. Nilifika neno la tatu. N ikagoma. Nikaipiga, ikagoma. Nikaipiga tena, ikatoa tano. Mzee alisogea akatazama kioo, kisha akatazama vidole vyangu.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema.

"Nini, baba?"

"Ulijua ni mbovu. Ukanichapia maneno yangu kwenye kitu kibovu, ukanyamaza."

Niliomba karatasi za wakili zenye nembo, nikaandika barua yote kwa mkono, nikaigonga muhuri. Aliikunja bila kunishukuru. Baadaye nilisikia amerudi kufundisha, na mjane akabaki na shamba lake, lakini mzee yule hakuingia tena ofisini kwetu. Alimwomba wakili waonane nje.

Baada ya hapo kibodi nikaifanya adui. Nilianza kuandika kwenye daftari kila ilipogoma: siku, saa, herufi. Fundi aliitwa mara ya pili, akaja tena saa tisa, N ikamwandikia nanasi zake kwa unyenyekevu, na nilipomwambia aje asubuhi kama mwanamume, alikusanya bisibisi zake akasema hatarudi kwa mtu anayemtukana. Wiki mbili nilijaza daftari. Nilipolisoma lote kwa pamoja, hakukuwa na tukio hata moja la baada ya saa saba mchana. Nilidhani umeme. Nikadhani virusi. Nikadhani karani, ambaye asubuhi ndiye anayefungua mlango, na yuko peke yake humo ndani nusu saa kabla sijafika. Hilo la mwisho nililipenda zaidi. Nikaanza kuifunika kibodi kwa kipande cha kanga jioni, na kukifunga kwa fundo ninalolijua mimi. Asubuhi nilikuta fundo jingine.

Jibu lilikuja kwa hasira. Asubuhi moja N ilining'ang'ania katikati ya neno, nikachomoa waya, nikaibeba kibodi hadi nje, nikaitupa barazani penye jua. Nilitaka ikae huko ioze. Mteja akaja, tukazungumza karibu saa nzima juu ya wosia wa baba yake, naye alipotaka kuchapiwa, nikalazimika kwenda kuiokota. Plastiki ilikuwa ya moto mkononi. Niliichomeka, nikaandika jina la kijiji chake, na N ikashuka na kupanda kama mpya.

Kesho yake nilirudia kwa makusudi. Ikiwa baridi, imekufa. Nikaianika juani, ikafufuka. Nikaiacha ipoe kivulini juu ya sakafu ya saruji, ikazembea tena. Basi kulikuwa na kitu ndani kinachoganda na kulainika. Nikachukua pini ya nywele, nikaipenyeza chini ya kitufe cha N, nikakibandua. Kuzunguka kile kimpira cha chini palikuwa na kitu cha kahawia, kinang'aa. Nikakigusa kwa kidole kidogo, nikakiweka ulimini.

Asali.

Sikungoja watu waondoke. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, mume na mke. Nilikwenda na kile kitufe mkononi nikakiweka mezani kwa karani, juu ya daftari lake.

"Onja," nikamwambia.

"Nini hiki?"

"Onja asali yako. Umenimwagia kwenye mashine ili nifukuzwe kazi. Umemdhalilisha mzee wa watu kanisani kwake kwa ajili ya roho yako mbaya."

Alisimama. Hakupandisha sauti, na hilo lilinikera kuliko kelele.

"Dada, mimi nikitaka kukuharibia nitapoteza jalada lako moja tu. Utafukuzwa kabla ya adhuhuri. Nihangaike na herufi moja ya nini?"

"Nani anafungua mlango asubuhi?"

"Na nani anakula asali yangu tangu mwezi wa tano? Wewe. Umeila ukiwa umekaa mezani kwako, ikakudondokea, sasa unatafuta wa kumbebesha. Mwizi na mzushi."

Nilimwita mchawi. Aliniita mshamba. Yule mke kwenye benchi akamvuta mumewe mkono, wakatoka. Wakili akatoka chumbani kwake. Nikamwonyesha kitufe, nikamweleza habari ya baridi na jua, nikamfungulia daftari langu lenye tarehe zote. Alikishika kitufe muda mrefu, akakigeuza huku na huku, bila kututazama.

"Asali iliyomo ofisini humu ni ya nani?" aliuliza hatimaye.

"Ni yangu," karani alisema. "Lakini bosi, mimi…"

"Nimeuliza ni ya nani. Umejibu. Acha ufunguo hapo, kesho usije."

Karani hakulia. Alivua ile kamba shingoni, akachomoa ufunguo, akauweka mezani. Akabeba boksi lake la chupa kichwani na mkoba mkononi, akapita katikati yetu. Mlangoni aligeuka akaniangalia mimi, si wakili.

Nilifurahi. Siwezi kusema vingine. Mchana huo nilikula wali na maharage kwa hamu ambayo sikuwa nayo wiki kadhaa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nilitumia alasiri nzima kuisafisha kibodi. Nilichora kwanza ramani ya herufi kwenye karatasi nisije nikazirudisha ovyo, nikabandua vitufe kimoja kimoja, nikaviloweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, nikapitisha pamba yenye spiriti kila tundu. Nilivianika juu ya gazeti. Nilipovirudisha, N ilipiga kama ngoma. Asubuhi, mchana, wakati wowote. Kwa wiki mbili nilichapa bila kosa, na meza ya mbele yangu ikiwa tupu.

Wiki ya tatu, Jumatatu, nilikuwa natoka kijijini kwetu. Basi la alfajiri lilinifikisha mjini mapema mno, nikaona si vizuri kwenda nyumbani na kurudi, nikaenda moja kwa moja ofisini. Saa kumi na mbili na nusu hivi. Nilitoa ufunguo wangu, nikakuta mlango haujafungwa.

Wakili alikuwa kwenye kiti changu. Kompyuta yake ndogo ilikuwa imeharibika kioo tangu Pasaka, jambo nililolijua, ila sikuwahi kujiuliza anaandikia wapi mambo yake. Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja. Mkono wa pili ulikuwa na kipande cha mkate. Pembeni ya kibodi ilisimama chupa ya asali, ya dukani safari hii, bila kizibo, na mkate ulikuwa unadondosha. Kipande changu cha kanga alikuwa amekifanya kitambaa cha kufutia vidole.

Nilisahau hata kumwamkia.

"Ni wewe," nikasema.

Alishtuka, akafuta kidevu. "Umekuja mapema. Habari za nyumbani?"

"Asali ile ya kwanza pia. Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa na kikohozi," alisema. "Alfajiri nachapa hapa kisha naondoka kabla hamjafika, nilionja kidogo kidogo tu. Nilitaka kumwambia."

"Ulimfukuza mbele yangu. Ukiwa na kitufe mkononi. Ukijua."

Hapo uso wake ukabadilika. Aliweka mkate chini, akawa wakili tena.

"Sikumfukuza kwa ajili ya asali. Alikuwa ananisumbua kila wiki na habari za mkataba wa maandishi. Wewe umekaa miaka kumi na moja bila kuniuliza. Na usijifanye una uchungu naye. Ulitaka aondoke, ameondoka. Nilikufanyia ulichokuwa unataka."

Sijawahi kuambiwa neno la kuniumiza kama lile, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimwambia amrudishe kazini. Akasema nafasi haipo. Nilimwambia basi awaite wale wateja wawili, na fundi, na awaambie asali ilikuwa yake. Akacheka kwa mshangao, kama nimemwomba avue nguo. Kisha akarudi kuchapa kwa kile kidole kimoja, nami nikiwa nimesimama.

Nilichukua karatasi nikaketi kwenye meza ya karani. Niliandika kwa mkono kwamba mimi, mchapaji wa ofisi hiyo, nilimsingizia mwenzangu. Kwamba asali ilimwagwa na mwajiri wetu, nami nimemwona kwa macho yangu. Kwamba karani hakuiba, hakuharibu, hakunikosea. Niliweka sahihi. Wakili alikuwa ananitazama, na alijua ninachoandika, lakini hakunyanyuka.

Adhuhuri nilikwenda kwa karani, mtaa wa Isevya. Nyumba nilielekezwa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa mjomba wake. Nilipiga hodi. Alitoka mwenyewe, mikono ina unga, akasimama kizingitini bila kusema karibu.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia, na kumpa karatasi.

Alijifuta mikono kwa upande wa kanga. Aliisoma taratibu, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nayatamani.

"Umeandika vizuri," alisema. "N zote zipo."

"Dada, nilikosea. Nilikuchukia bure. Nakuomba…"

"Hukunichukia bure. Ulinichukia kwa ufunguo. Ningekuwa wewe pengine ningekuchukia vilevile." Alikunja karatasi mara mbili. "Lakini mimi nisingekuita mchawi mbele ya watu. Wale mume na mke wanakaa mtaa wa nyuma hapo. Unajua wamesema nini? Mama yangu anaumwa, na watu wanaulizana mimi nafanya nini usiku."

"Nitakwenda kwao. Nitawaambia."

"Nenda," alisema. "Hiyo ni kazi yako, si hisani kwangu." Kisha akafunga mlango, wala hakuubamiza.

Nilikwenda. Yule mume alinisikiliza hadi mwisho akasema sawa. Kwa mkewe sina uhakika kama aliamini neno langu la pili kuliko la kwanza. Mwezi huohuo niliacha kazi kwa wakili. Niliuacha ufunguo juu ya kibodi. Sasa nachapa katika chumba changu kidogo karibu na soko, na vyakula haviingii humo, hata chai.

Karani alichukuliwa na wakili mwingine, na nimesikia amepewa mkataba wa maandishi. Hukutana naye mara kwa mara njia ya kwenda mahakamani, amekumbatia majalada. Mimi huanza kusalimia. Yeye huitika, kwa sababu dini yake inamtaka aitike salamu, kisha huvuka kwenda upande wa pili wa barabara. Namwacha avuke.